Mgomo Ndani ya Bomba la Darubini

Watu wakisikia nyumba yetu ina mwandishi na watazama nyota, husema, "Mmebarikiwa." Waseme tu. Baraka za jirani hung'aa kwa mbali.

Mimi ni dobi. Nimefua mashuka ya hospitali katika kiwanda kile kile tangu sijaolewa, na kusoma nilijifundisha mwenyewe kwa magazeti yaliyosahaulika kwenye mifuko ya makoti. Mume wangu ni fundi miwani. Baridi ikiingia, mbingu husafika na giza huwahi, basi yeye na binti yetu hupanda juu ya paa hata kabla ya chakula cha jioni. Ndiyo starehe ya familia. Lakini baridi ndiyo majira pekee ambayo kiwanda hututoa mapema, kwa hiyo ndiyo majira yangu ya kuandika.

Kitabu changu kilihusu mgomo wetu. Magazeti yalisema tulichochewa na watu wa nje. Tulichochewa na maji ya barafu. Mwenye kiwanda alizima boila la kuchemshia maji ili kubana matumizi, akatuambia tusugue kwa nguvu, joto litakuja lenyewe. Alisema hayo akiwa amevaa glavu, sijasahau. Mpiga pasi mmoja, rafiki yangu tuliyemwita Mvuke, alisimama getini akasema maneno yaliyotutoa wote nje. Alifukuzwa, kisha kifua kikamuua. Nilikuwa nimemwahidi kwamba maneno yake yatachapwa.

"Shemeji," ndugu wa mume wangu hupenda kunichokoza, "kalamu haichemshi chungu."

"Wala mdomo, shemeji. Ila wako haupoi."

Kila jioni nikishika kalamu, sauti ilishuka kutoka juu. "Mama, zima taa." Macho yao yalikuwa yamezoea giza, na mwanga wa dirisha langu uliwaharibia. Nilizima, nikapanda, nikachungulia kwenye darubini yao ndogo, nikasema nzuri, nikashuka kuitafuta sentensi iliyokimbia. Mume wangu aliiita hiyo mizani: kila mtu anapata chake. Mizani gani hiyo, ambayo anayeishika ndiye mnunuzi?

Niliandika nyuma ya stakabadhi za kufulia zilizokwisha kazi, nikizipanga rafuni upande wa chapa juu ili vumbi lisiguse wino. Jumapili moja nilirudi kutoka zamu ya ziada nikawakuta baba na mwana wamejaa furaha. Walikuwa wametengeneza bomba la darubini mpya, kubwa. Walilivingirisha juu ya bomba la maji, karatasi juu ya karatasi kwa gundi ya unga, wakachomoa la maji na kupaka rangi nyeusi ndani.

"Karatasi mmetoa wapi?"

"Zile stakabadhi zako za kazini," mume wangu akasema. "Zilikuwa zinajaza rafu tu."

"Ulizigeuza?"

"Kugeuza za nini?"

Binti, gundi ikimkauka vidoleni, ndiye aliyeelewa kwanza. "Baba, Mama huandika nyuma yake."

"Sasa mimi ningejuaje?"

Ningejuaje. Mtu anayekula kwenye meza ile ile ninayoandikia. Ingekuwa afadhali angekichukia kitabu changu, maana anayechukia husoma.

"Nitaliloweka," nikasema. Gundi ya unga haimshindi dobi. Lakini nayajua maji: wino ungetangulia kutoka. Binti alilikumbatia lile bomba. Nikamwachia.

Kesho yake niliomba nihamishiwe zamu ya jioni.

"Na familia?" mume wangu akauliza.

"Familia ina darubini."

"Hiyo ni hasira, mke wangu, si akili."

"Hasira ndiyo iliyonisomesha."

Sasa wao hutazama nyota nikiwa kazini, nami huandika asubuhi, nyumba ikiwa tupu. Mengi yamerudi. Glavu. Nani alitangulia kutoka, nani alitoroka kupitia mlango wa nyuma kwenda kututaja majina. Kilichokataa ni maneno ya Mvuke. Niliyaandika siku ile ile aliyoyasema, nikaiamini karatasi, nikaacha kuyabeba kichwani. Nilimulika tochi ndani ya bomba nikaona weusi mtupu. Niliwauliza wenzangu wawili waliokuwepo getini. Kila mmoja alinipa maneno yake, matamu yote, na hakuna hata moja lililokuwa la Mvuke.

Ningeweza kubuni. Marehemu hapingi, na magazeti yalitubunia sisi tukiwa hai.

Nikaacha mistari mitatu mitupu mahali pa maneno yake, nikavaa koti, nikaenda zamu.