Kofia Inayoshika Maji

Mzee Teodosio Yucra alitoa neno lake mbele ya mke wake, mbele ya binti yake Delfina, na mbele ya bakuli langu la supu ya kinoa ambalo nilikuwa bado sijaligusa.

"Jumapili, baada ya mkutano wa uwanjani, nitatia maji kwenye kofia yako. Yakikaa, mwezi wa tano mnafunga harusi. Yakivuja, usubiri mwezi wa tano wa mwakani. Sina ugomvi na wewe, msomi. Nina wasiwasi na mikono yako tu."

Kisiwani kwetu Taquile, katikati ya ziwa, mwanamume hufuma kofia yake mwenyewe, na anayetaka kuoa hupimwa kwa kofia hiyo. Ni sindano tano nyembamba, sufu iliyosokotwa mpaka ikakaza, na vishono vilivyobanana kiasi kwamba baba mkwe anaijaza maji na kuvuka nayo uwanja mzima bila tone kuanguka. Nilianza kufuma nikiwa na miaka saba kama wenzangu wote. Lakini nilikaa mjini Puno, ng'ambo ya ziwa, miaka mitano nikisomea utalii, na Mzee Teodosio aliamini kwamba kalamu haikazi vidole.

Delfina alinisindikiza hadi mlangoni. Nywele zake zilizokuwa zikifika kiunoni sasa ziliishia mabegani. Alikuwa amezikata wiki mbili kabla, azisuke ndani ya mkanda wa bwana harusi kama wanawake wetu wafanyavyo. Kisiwa kizima kilikuwa kimeona. Maji yakivuja, angetembea mwaka mzima na nywele za bibi harusi asiye na harusi.

"Umezikata mapema," nilimwambia.

"Nimezikata kwa wakati. Aliyechelewa ni wewe. Fuma."

Ilikuwa Jumatano. Kofia ilikuwa imefika nusu, nami nilikuwa na wageni wa kwanza maishani mwangu, waliokwisha kupanda basi kuja kunifuata. Sikuona shida yoyote. Wanaume wetu hufuma wakichunga, wakipanda ngazi, wakigombana. Nami nilikuwa nimeipanga safari yangu iwe ya miguu: siku tatu na shanta mgongoni, kwanza rasi ya Capachica, kisha kisiwa cha Amantaní, kisha kwetu. Kulala nyumbani kwa watu, kula walichopika. Niliiandika mpaka kwenye karatasi yangu ya kuhitimu, na mwalimu akaandika pembeni: "Nani atakubali?" Basi walikubali wawili.

Walikuwa ndugu kutoka Lima, mji wa pwani. Maite alisomea uchoraji wa ramani. Kaka yake Renzo alikuwa mrefu, mcheshi, na shanta yake ilijaa vitu kama anahama nyumba. Tulianza Alhamisi asubuhi huko Capachica, ziwa likiwa mkono wa kulia, buluu mpaka macho yanauma. Nikatoa kofia yangu.

"Kaka, unafuma?" Renzo akacheka. "Kwetu anayefuma ni bibi."

"Kwetu bibi akionekana na sindano tano, watu watauliza babu ana ugonjwa gani."

Siku ile niliongea. Mungu wangu, niliongea! Niliwaonyesha matuta ya mashamba, nikawaeleza kwa nini shamba hili limelala mwaka huu na lile limepandwa, kwa nini matao ya mawe yako pale njia zinapokutana, kwa nini kondoo wa mwanamke yule wana nyuzi nyekundu masikioni. Maite aliuliza, nami nikajibu. Asipouliza, nilijibu vilevile. Miaka mitano nilikuwa nimebeba maneno hayo nikitafuta mtu wa kumpa. Vidole vilikwenda vyenyewe. Jioni kofia ilikuwa imekua kwa upana wa kiganja, nami nikajiambia Mzee Teodosio ajaze tu mtungi wake.

Ijumaa asubuhi mashua iliyokuja kutuvusha kwenda Amantaní ilikuwa ya Mzee Teodosio. Zamu ya mashua wiki ile ilikuwa yake, na kwetu zamu haipangwi kwa kuangalia nani anataka kumwoa binti ya nani. Alituketisha, akawasha injini, akanyoosha mkono bila kusalimia.

"Lete."

Nikampa. Alivika kofia kwenye ngumi yake, akaiinua juani, akaizungusha polepole kama mtu anayenunua yai.

"Hapa mwanga unapita."

Nikasogea. Kweli. Ilikuwa mikanda miwili mipana ambamo vishono vilikuwa vimelegea kidogo tu, kidogo ambacho jicho la mgeni lisingeona. Kati yake, pale tulipopanda mlima kimya tukitafuta pumzi, kazi ilikuwa imebana kama jiwe.

"Hapa ulikuwa unaongea," alisema.

"Nilikuwa nawaeleza wageni, mzee."

"Naona. Umewaeleza safu ishirini na tisa."

Akanirudishia. Maite, ambaye hakuelewa lugha yetu ya Kikechua lakini aliuelewa uso wangu, akauliza kuna nini. Nilimweleza. Akasema pengine maji hayataona. Nikamwambia maji huona kuliko mtu yeyote. Kisha nikazichomoa sindano moja baada ya nyingine, nikavuta uzi.

"Usifanye hivyo!" Maite alishika mdomo.

Kazi ya siku nzima ilifumuka miguuni pangu kwa muda usiotosha kumenya kiazi. Mzee Teodosio alikuwa akitazama mbele, lakini mashua ilianza kupinda upande, kwa hiyo nilijua alikuwa akitazama pia nyuma.

"Leo Ijumaa," alisema.

"Najua, mzee."

"Mkutano haungoji mtu."

"Hautaningoja. Utanikuta."

Nililisema hilo kwa sauti kubwa kuliko uhakika niliokuwa nao, lakini lilipotoka tu, nililiamini.

Tulipotua Amantaní niliwaambia wageni: "Kutoka hapa hadi kileleni hakuna maelezo. Mimi sitasema, nanyi msiulize. Angalieni tu. Mkishuka, ulizeni mpaka mchoke."

"Tumepata kiongozi bubu," Renzo akasema. "Nitawaandikia watu nyumbani."

Tukapanda. Nilikuwa mbele, nikifuma, uzi umezunguka shingoni, kila kishono nimekivuta mpaka kidole kinaingia alama. Nyuma nilisikia hatua zao na pumzi zao. Njia ya Pachatata, kilele cha kisiwa hicho, ina ukuta wa mawe kila upande, na bila sauti yangu katikati, mambo yalianza kusikika: maji ya ziwa chini kabisa, punda, mtu akivunja madongoa kwa jembe shamba la tatu. Maite alisimama mara nyingi. Mara moja aliinama akagusa mawe ya ukuta, akatafuta bila kuambiwa mahali ambapo mikono ya zamani iliishia na mikono ya juzi ilianzia. Nilitamani kumpongeza. Nilikaza kishono badala yake.

Kimya hicho ndicho kilichonifanya nisikie pumzi ya Renzo ikibadilika.

Niligeuka. Alikuwa ameegemea ukuta, midomo imepauka, anacheka ili dada yake asiogope.

"Kichwa tu, bubu. Kinagonga kama ngoma."

Kileleni palikuwa karibu, robo saa labda. Mkononi mwangu kazi ilikuwa ikienda vizuri kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Lakini mlima hauna mjadala: mtu wa pwani akianza kupauka, anashushwa. Nilichoma sindano kwenye kofia, nikaisweka kifuani, nikambebea shanta yake kwa mbele huku yangu ikiwa mgongoni, na mkono mmoja nikamshika kiunoni. Tulishuka kwa saa mbili na nusu. Kwenye nyumba tuliyopangiwa kulala walimpa chai ya muña, ile mimea yetu ya milimani inayofungua kifua, wakamlaza. Nilikaa karibu naye nikihesabu pumzi zake mpaka zikatulia. Sikufuma. Anayehesabu pumzi za mtu hahesabu vishono.

Jumamosi Renzo aliamka akiwa na njaa, na mtu mwenye njaa amepona. Mzee Teodosio alituvusha kwenda kwetu Taquile. Hakuiomba kofia. Alimtazama Renzo, akatazama shanta mbili nilizovaa, moja mbele na moja nyuma kama punda wa sokoni, akasema tu, "Ngazi ni zilezile." Ni zaidi ya mia tano kutoka gatini hadi kijijini. Nilizipanda bila kugusa sindano hata mara moja. Alasiri nilikaa ukutani kwa mama yangu nikafuma mpaka jua likazama. Zilibaki safu za ncha, upana wa vidole vitatu.

Jumapili mkutano ulimalizika mapema kuliko kawaida, maana wote walijua kinachofuata. Wanaume walibaki kwenye mabenchi ya mawe, wanawake wamekaa chini na vijiti vyao vya kusokotea sufu. Delfina alikuwa amesimama karibu na mama yake, kichwa wazi, hajafunika nywele zake zilizokatwa. Mzee Teodosio akaja na mtungi.

"Kofia iko wapi?"

"Hii hapa. Bado vidole vitatu."

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Silverio, binamu yangu, alijipiga pajani. "Jamani, amemletea mkwe bomba! Mzee, mimina, tumwagilie viazi!"

"Nilisema mkutano haungoji," Mzee Teodosio akasema.

"Mkutano umeisha, mzee. Sasa ni mazungumzo, na mazungumzo yanaweza kungoja vidole vitatu."

Walicheka tena, lakini safari hii baadhi walicheka upande wangu. Mzee aliweka mtungi chini. Akakaa kwenye benchi mbele yangu, magoti yetu karibu yanagusana.

"Sawa. Fuma. Lakini si umesema ni mazungumzo? Basi zungumza. Tueleze hiyo safari yako. Mtu mwenye akili zake anabeba mzigo mgongoni kwa nini, na mashua zipo?"

Nilielewa anachofanya. Kila mwanamume pale alielewa.

Nikaanza. Neno la kwanza lilinilegeza mkono, nikalisikia kwenye uzi, nikarudi nyuma kishono kimoja. Kisha nikaipata njia. Nilisema neno, nikavuta uzi. Nikasema neno, nikavuta uzi. Uzi ukiwa haujakaa, neno lilisubiri.

"Anayekuja kwa mashua kukaa saa moja," nikasema, "anaona kofia zetu. Anapiga picha. Anaondoka."

"Anaongea kama anahesabu kondoo!" Silverio akapiga kelele.

"Anayekuja kwa miguu anafika na njaa. Viazi vyetu kwake ni chakula. Si maonyesho. Anakaa. Anauliza jina la mpishi."

"Na akiugua mlimani?" Mzee akauliza haraka, kama anayerusha jiwe.

"Anashushwa."

"Na kazi yako?"

"Inasubiri." Nikavuta. "Kazi haina homa."

Kwa kuwa niliongea polepole, wote walilazimika kuinama kunisikiliza, hata Silverio. Nikafikiri juu ya Alhamisi, nilivyowamwagia wageni wangu maneno bila kuwaachia nafasi ya kuyashika, nikaona kwamba vidole vyangu vilikuwa vimeniambia ukweli kabla ya mtu yeyote. Mzee aliendelea kuuliza: kuhusu vyoo, kuhusu mbwa, kuhusu nani atakayesafisha njia. Nilimjibu yote. Niliikusanya ncha, nikapitisha uzi kwenye vitanzi vya mwisho, nikaubana, nikaukata kwa meno.

Mzee akaigeuza kofia, akaishika kama bakuli, akamimina. Maji yalipanda hadi kwenye ukingo. Nje sufu ikakolea rangi. Tone halikuja.

Akaanza kutembea. Sijawahi kuona mzee akitembea polepole namna ile. Katikati ya uwanja akasimama kabisa, akamgeukia Silverio.

"Hivi yule kondoo wako mweusi alizaa?"

"Alizaa, mzee."

"Mapacha?"

"Mmoja."

"Dume au jike?"

"Baba!" Delfina akasema, na uwanja mzima ukamsikia. "Tembea!"

Akatembea. Alipomfikia binti yake aliinua kofia juu ya kichwa chake mwenyewe, akaichungulia kwa chini muda mrefu, akamwaga maji kwenye ukuta. Delfina alicheka huku anafuta macho kwa kiganja. Nilitaka kumkimbilia, lakini miguu ilikuwa bado haijapata habari.

Mzee alirudi kwangu, akanivika kofia ikiwa imelowa. Baridi ilishuka shingoni mpaka mgongoni.

"Kesho uje na mundu. Shayiri ya shamba la juu imeiva."

"Nina wageni, mzee."

"Njoo nao. Si wanataka kula kwetu? Wavune kwanza."

Renzo, ambaye alikuwa amepiga makofi kuliko wote bila kuelewa hata neno, aliniuliza mzee amesema nini.

"Amesema kesho tunaamka mapema," nikamjibu.