Wasifu wa Ukurasa Mmoja

Ofisini walimwita Mkasi, na jina likamkaa. Ripoti ya kurasa thelathini ilitoka mezani kwake ikiwa na kurasa sita, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba kuna kilichopotea. Kwa hiyo kaka yake alipofariki, mjane hakuhangaika. Alimkabidhi wasifu wa marehemu, kurasa nne zilizoandikwa kwa mkono.

"Zipunguze, wifi. Wasifu wa kusomwa ibadani tumepewa ukurasa mmoja."

Alizipunguza kwa nusu saa, macho makavu, kwa utaratibu wake wa siku zote: kwanza marudio, kisha sifa, mwisho visa. Zikabaki tarehe, shule, kazi, ugonjwa, na "ameacha mjane na watoto wanne." Akapeleka kwa mchapaji, nakala mia mbili. Kurasa zile nne akazichana, kama alivyochana kila rasimu, zisije zikachanganywa.

Siku ya mazishi binti mkubwa, aliyepangwa kusoma wasifu, alimfuata mlangoni akiwa na karatasi mkononi. Binti huyo, marehemu alimkuta na miaka minne alipomwoa mama yake.

"Shangazi, ile ya baiskeli iko wapi?"

"Baiskeli gani?"

"Baba akinifundisha. Jirani akamuuliza, huyu mtoto wa nani? Akasema, wangu, huoni tunavyoanguka sawasawa?"

Mkasi alikumbuka mistari kama saba hivi. Aliikata bila kuisoma hadi mwisho.

"Lakini umo, mwanangu. Nimeandika wanne. Bila wewe ni watatu."

"Kuhesabiwa nimehesabiwa. Nilitaka watu wasikie alivyosema mwenyewe."

"Basi ukifika hapo neno lake liseme tu."

"La kusema kwa kichwa leo siliwezi, shangazi. La kusoma ningejikaza."

Mkasi akaingiza mkono mkobani kutafuta kalamu, lakini jina la binti lilikuwa limeshaitwa mbele.

Usomaji haukumaliza dakika mbili. Waliochelewa walikuwa bado wamesimama nyuma wakitafuta viti, binti alipofika kwenye "watoto wanne." Akaigeuza karatasi, akakuta upande wa pili ni mweupe, akaitazama hivyo hivyo kitambo, kisha akashuka.

"Ndiyo imeisha?" mzee mmoja alimnong'oneza jirani yake.

Mkasi, kwenye kiti cha mbele, alimsikia. Ndipo akalia kwa mara ya kwanza tangu kaka yake afe, kwa sauti, na hakujua pa kukomea.