Mtaa wa Madawati

Ukungu uliingia machoni mwa mwalimu wa Kiingereza taratibu, kwa adabu, kama mgeni anayepiga hodi kwanza. Ulianza pembeni, ukameza saa ya ukutani, ukameza ramani, na sasa ulikuwa umefika kwenye nyuso za wanafunzi. Jua la asubuhi lilipoangukia vumbi la chaki, darasa zima lilielea mbele yake, weupe mtupu wenye sauti za watoto ndani. Palikuwa na uzuri fulani, tusidanganyane. Lakini mwalimu asiyeona ubao huambiwa akapumzike nyumbani, na yeye kupumzika hakukuweza. Kwa hiyo akafunga mdomo. Mkewe tu ndiye aliyejua, naye alishachoka kumbembeleza aende hospitali.

Wanafunzi walimwita Polepole, kwa jinsi alivyotembea. Jina hilo alilijua na hakulichukia.

Mchezo aliubuni mwenyewe. Madawati yalisukumwa yakawa mtaa wenye kona na vichochoro. Hapa soko, pale benki, kule posta. Mmoja anafungwa kitambaa machoni, wenzake wanasimama mbele yake wakimwongoza kwa Kiingereza: "left", aende kushoto, "right", aende kulia, "stop", asimame. Zamu ya mwisho ilikuwa ya mwalimu. Humo gizani alikuwa sawa na watu wote, na moyo ulimtulia, akitembea katika mji usiokuwepo, akishikwa mkono na maneno.

Kasoro ilikuwa moja. Watoto waliosimama wakimtazama walitaja kushoto kwao wenyewe, ambako kwake ni kulia. Aliwasahihisha, wakaitikia, wakarudia palepale. Mwishowe wote wakazoea, na yeye pia: akisikia "left" anakwenda kulia, anafika sokoni salama. Uvivu mtupu, lakini nani angemlaumu?

Siku moja mwalimu mkuu, mama asiyependa porojo, akabisha mlango. Fununu za macho ya mwalimu zilikuwa zimemfikia.

"Endeleeni tu, mwalimu. Nimekuja kutazama." Akavuta kiti, akaketi karibu na kabati.

 Mwalimu akaomba afungwe kitambaa upesi, maana aliyefungwa kitambaa haulizwi kama anaona.

Asichokijua ni kwamba darasa lilikuwa limekula njama. Watoto walijua zamani. Ndio waliomwekea chaki mkononi, ndio walioondoa ndoo njiani kabla hajapita. Na mmoja wao aliyetumwa ofisini aliposikia kwamba mkuu anakuja, walitumia mapumziko yote uwanjani wakijifunza kushoto na kulia kwa mtu aliyewageukia, mpaka kosa likaisha. Walitaka siku hiyo mwalimu wao ang'are.

"Right!" wakasema kwa pamoja, na ilikuwa kulia kwake kwelikweli.

Mwalimu akageuka kushoto kwa kujiamini, akapiga hatua mbili ndefu, akalivaa kabati. Madaftari yakamporomokea, naye akaanguka miguuni pa mwalimu mkuu.

Hakuna aliyecheka.

"Tumesema sawa, ticha," msichana wa dawati la mbele akasema. "Leo tumesema sawa!"

Akaelewa. Akaona huzuni na fahari kwa pamoja.

"Mmesema sawa, mwanangu. Kosa ni langu."

Akavua kitambaa. Weupe ulikuwa palepale.

Mwalimu mkuu akainama. "Hebu niangalie, mwalimu. Leo nimevaa rangi gani?"

 Kisha, kutoka dawati la mbele, mnong'ono mwembamba: "Green, ticha."

Miaka yote alikuwa mkali kwa wanaonong'onezana majibu. Sasa jibu lilikuwa limeletwa mpaka sikioni, kazi yake ilikuwa kulitamka tu, na kesho angekuwa bado na darasa lake. Aliwapenda watoto wale kuliko alivyowahi kuwaambia. Akageukia sauti ya mkuu ilikotoka.

"Mtoto ananiambia ni kijani," alisema. "Mimi mwenyewe, mkuu, sioni."

Watoto wengine wakaanza kulia chinichini. Mama yule akamshika mkono, akamwinua.

"Kesho nakupeleka hospitali mwenyewe. Wakikutibu, vizuri. Wasipoweza, ubaoni wataandika hawa, wewe utafundisha. Lakini usinifiche tena, kaka yangu."

 Mwalimu akalia waziwazi mbele ya darasa lake lote. Ilikuwa aibu, na ilikuwa nafuu kubwa.