Shangazi wa Ngora

Mercyline Amoit alikaa siku sita Ngora, upande wa Uganda, kwa akina baba yake, na siku nne za kwanza alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuionja. Alikuwa na miaka thelathini na mbili na mimba ya miezi minne. Kabla ya safari hiyo hakuwa na kwao pengine ila Malaba, mji wa malori na vumbi, ambako mtu akikuuliza kwenu ni wapi anataka tu kujua umepanga nyumba kwa nani. Baba yake alivuka mpaka akiwa kijana wa miaka kumi na mitano, mwaka ambao wezi wa mifugo walikomba ng'ombe wote wa boma lao. Akapokewa na mzee mmoja wa Kocholia, upande wa Kenya, akalelewa hapo, akaoa hapo, akafa bila kusema mengi. Jina la kijiji alikotoka ndilo pekee alilomwachia binti yake.

Kumbe huko walikuwa wanamngoja. Shangazi Roselida, dada mdogo wa marehemu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, alimshika uso kwa mikono miwili, akalia, akacheka, akalia tena, kisha akamzungusha kwa majirani wote hata wale ambao hawasemezani nao. Kila asubuhi alimchemshia maji ya kuoga na kumsugua mgongo yeye mwenyewe. Mercyline, ambaye mama yake alifariki angali mdogo, akajua raha ya kuwa mtoto wa mtu. Akaonyeshwa kaburi la babu. Akaonyeshwa shamba, akaambiwa hapa ndipo baba yako angejenga.

Siku ya tano ndugu walikusanyika kuuzunguka mtungi wa ajon, ile pombe ya wimbi inayonyonywa kwa mirija mirefu, naye akapewa kiti katikati yao ingawa hakunywa. Mzee mmoja akaanza kusimulia habari za ukoo. Sisi Irarak tulifika hapa kutoka kule, akasema, sisi Irarak tulifanya hivi na vile. Mercyline akadhani hakusikia vizuri. Akamuuliza shangazi kwa sauti ya chini kama baba yake naye alikuwa Irarak. Shangazi akacheka. Mtoto wa nyumba hii angekuwa nani tena?

Furaha iliishia hapo. Kule Kenya baba yake alijulikana kwa ukoo wa yule mzee aliyempokea, Ikatekok, na ndivyo Mercyline alivyojitaja siku alipoposwa. Irarak ni ukoo wa mume wake, Okiria. Na Mteso, awe wa Kenya au wa Uganda, haoi ndani ya ukoo wake. Hilo halina mjadala, aliyesoma na asiyesoma wote wanalijua, na wanaolivunja hutajwa kwa sauti ya msibani. Watoto wao hawakai, ndivyo watu wanavyosema. Mercyline alikuwa ameshapoteza mimba mbili.

Shangazi akamuuliza, kwa nia njema kabisa, mume wake ni wa ukoo gani. Akataja ukoo wa kwanza uliomjia mdomoni.

Alirudi Malaba Jumapili mchana. Okiria alikuwa anamngoja nje ya ofisi za mpaka akiwa bado na shati la kanisani. Akampokea kila kitu, karanga, mtama na kuku wawili, akataka kujua wakwe zake wa Uganda wanafananaje. Okiria ni fundi wa kuchomelea trela, mtu wa mizaha, na siku hiyo alikuwa na mingi. Mercyline alimtazama alivyotangulia na mizigo, akaiona ile shingo ndefu na mabega yaliyoinama, na akili ikamruka. Ilikuwa shingo ya yule mzee aliyesimulia ukoo. Labda haikuwa. Shingo ndefu ziko nyingi duniani, lakini mwenye hofu haulizi.

Kuanzia siku hiyo hakuna kilichomkalia sawa. Alikuwa karani katika ofisi ya klaringi, kazi yake kukagua karatasi za mizigo, umetoka nchi gani na unakwenda kwa nani. Katika wiki moja alirudisha mara mbili lori ambalo halikuwa na kosa lolote, na dereva akashinda kwenye foleni akimtaja kwa majina ambayo siwezi kuyaandika hapa. Fridah, mwenzake wa meza moja, akamwambia kwa mzaha kwamba Waganda wamemroga. Mercyline akaenda kujifungia chooni mpaka miguu ikafa ganzi.

Nyumbani hali ilikuwa mbaya zaidi. Hakuweza tena kula sahani moja na mumewe. Alihamia chumba cha pili na kuisingizia mimba, eti harufu ya chuma kilichochomwa inamtapisha. Kila kiuno kilipouma alijua leo ndiyo leo. Alikwenda msalani mara kumi kwa siku kujikagua kama kuna damu, na kila mara alitoka amelowa jasho. Kliniki walimwambia mtoto yuko sawa. Hakuwaamini, kwa sababu hata wale wawili wa kwanza walisemekana wako sawa. Na kila jioni simu ya shangazi ililia. Umekula nini? Mtoto anacheza? Unarudi lini tukuone? Kadiri alivyopendwa ndivyo alivyoogopa, mwishowe akawa anaiacha simu ilie mpaka ichoke.

Okiria alivumilia wiki tatu. Jumamosi moja, baada ya chai, akaweka kikombe chini, na safari hii hakukuwa na mzaha usoni mwake.

"Mercy, niambie tu. Kuna mtu ulipata huko?"

"Nilipata watu wetu," akasema. "Mimi ni Irarak, Okiria. Baba alikuwa Irarak. Hawa wa Kocholia walimlea tu."

Mwanamume huyu hujilaza chini ya trela iliyoinuliwa kwa jeki moja akipiga mluzi. Siku hiyo aliogopa. Aliinuka, akafunga mlango ingawa ilikuwa saa tano ya mchana, akauliza nani mwingine anajua. Hakuna. Basi tunyamaze, akasema, wewe asili yako ni Uganda, mimi ni wa hapa, nani atatufuatilia? Aliyasema vizuri, lakini aliyasema akiwa ameegemea ukuta wa upande wa pili, na hakumsogelea. Mercyline akaona kwamba kunyamaza huko ndiko kutakakowamaliza. Jioni simu ilipolia alipiga moyo konde, akaipokea, akamweleza shangazi yote, hata ule uongo.

Shangazi akauliza mimba sasa ni ya miezi mingapi. Mitano. Akasema atakuja Jumatano, watafute mzee mmoja wa upande wa Okiria, na jambo hili lisitoke nje. Lina dawa yake, akasema. Mercyline, ambaye hakuwa amelala vizuri karibu mwezi mzima, akalala bila hata kuuliza ni dawa gani.

Walikutana Kocholia, nyumbani kwa Mzee Emong, baba mdogo wa Okiria, saa nne asubuhi. Shangazi alifika amevaa gomesi ya kijani, mkobani ana kibuyu kidogo. Hakumkumbatia Mercyline. Alimpa mkono kama anavyopewa mtu yeyote, akakaa. Mzee Emong alipoelezwa, alitema mate pembeni, akasogeza kiti chake nyuma. Katika umri wake wote, akasema, jambo hili amelishuhudia mara moja tu, na wale watu walivyoishia hataki kusimulia mbele ya mama mjamzito.

Shangazi akasema ndiyo maana amekuja. Akatia maji kwenye kibuyu, akakoroga unga wa wimbi, akaeleza taratibu. Watakunywa wawili, yeye na Mercyline, kisha kibuyu kitavunjwa, na undugu utakuwa umevunjika. Wasio ndugu wanaoana.

Mercyline akauliza ni undugu gani huo.

"Wetu," shangazi akasema. "Kikivunjika, wewe si mtoto wa kaka yangu. Huji kwetu, hatuji kwako. Ukijifungua sitaambiwa. Nikifa, usije."

"Na nikikataa?"

"Ukikataa, leo hii nakuchukua twende nyumbani, wewe na tumbo lako. Mimi nitafurahi. Lakini mume utamwacha hapa."

Hakuna aliyemsaidia. Okiria alikuwa ameinamia viatu vyake. Mercyline aliwaza wale wawili waliozikwa nyuma ya nyumba bila majina, akamwaza huyu wa tatu, akaogopa kunywa, akaogopa kutokunywa. Akakichukua kibuyu kwa mikono miwili, akanywa. Shangazi naye akanywa, tena polepole, funda moja moja. Kisha akasimama na kukirusha kwenye jiwe la mlangoni.

Hakikuvunjika. Kilidunda, kikabingirika hadi miguuni mwa Mzee Emong, naye akainua miguu yake juu. Kila mtu pale alikuwa ameona jinsi mkono wa shangazi ulivyolegea. Alikwenda mwenyewe akakiokota, akakifuta vumbi kwa upande wa gomesi yake, akauma meno, akakirusha tena kwa nguvu zake zote. Safari hii kilipasuka vipande vipande. Hakuna aliyethubutu kuuliza kama mara ya pili inahesabika.

Shangazi akachukua mkoba wake na kutoka bila kuaga. Okiria akaushika mkono wa mkewe kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya chai, lakini Mercyline akajitoa, akaenda hadi langoni. Shangazi alikuwa amesimama kando ya barabara, anatazama huku na huku, hajui aelekee wapi. Akageuka. Macho yalikuwa mekundu. Tangu siku ya kwanza hao wawili hawakuwahi kuzungumza ila Kiteso. Sasa alimsemesha kwa Kiswahili, lugha ambayo watu wa mpakani humsemesha nayo mtu wasiyemjua.

"Samahani, mama. Boda ya kwenda mpaka napanda wapi?"

Neno shangazi lilikuwa tayari mdomoni. Mercyline akalimeza kwa woga, maana akilitamka tu, kibuyu kitakuwa hakikuvunjika.

"Hapo mbele, mama," akasema. "Ukipita mashine ya kusaga, utazikuta nyingi."

Yule mama akashukuru, akaenda zake. Mercyline alibaki langoni, mikono yote miwili juu ya tumbo, na hata kumpungia hakuthubutu.