Kivuli cha Hajra Kimelala

Mchana, nyumba yote ikisubiri chakula, Hajra alikuwa amekaa juu ya mbuzi akikuna nazi. Kwa mguu mmoja alikuwa akimbembeleza mjukuu aliyelala kwenye beseni. Chumbani mama mkwe wake, Bi Mwanamkasi, alikuwa anaita aletewe dawa. Arafa, binti yake, alikuwa anatafuta sare yake ya shule. Mume wa Hajra, Mbaruku, alikuwa ametoka shamba, Makurunge, na amesimama mlangoni na matope yake akiuliza kama kuna maji ya kuoga.

"Nakuja, iko kwenye kamba, yapo kwenye pipa," Hajra akawajibu wote kwa pumzi moja.

Kwa haki, saa zile alitakiwa awe amelala. Naila, muuguzi wa zahanati, alikuwa amempima presha akakunja uso, akamgeukia Mbaruku. "Huyu kila mchana alale. Mkiendelea naye hivi mtamzika."

Mbaruku si mtu mbaya. Aliogopa kweli. Alinunua mkeka mpya, akautandika mwenyewe ukumbini, akatangaza kwamba kuanzia siku ile mama anapumzika. Nani atapika, hakusema, na hakuna aliyemuuliza.

Hajra aliponyanyuka kupeleka dawa, kivuli chake hakikunyanyuka. Kilibaki kando ya mbuzi kidogo, kisha kikajikokota mpaka ukumbini, kikajilaza mkekani kwa ubavu wa kulia, mkono chini ya shavu. Hajra alikitazama, akaona kimelala vizuri, akarudi jikoni. Tui lilikuwa halijachujwa.

Nyumba ilikipokea kwa adabu zote. Watoto waliokuwa wakicheza mpira ukumbini wakahamia nje. Hakuna aliyekiruka miguu, maana mtu aliyelala harukwi. Walizunguka kwa ukutani. Arafa alikifunika khanga. Bi Mwanamkasi, ambaye hajawahi kunong'ona tangu azaliwe, alikuja mpaka jikoni kunong'ona.

"Hajra, mwanangu, uji wangu taratibu. Usigongegonge masufuria. Wewe umelala kule."

"Sawa, mama."

Jirani yao Mwanvita alikuja kuazima ungo, akapita ukumbini.

"Shikamoo, shangazi," akakiamkia kivuli.

"Marahaba," Hajra akaitikia kutoka jikoni, jasho likimtiririka.

"Jamani mumeo anakudekeza! Wangu mimi hata kiti hanipi."

Mbaruku alisikia hayo akiwa barazani, akavimba kichwa. Jioni aliwasimulia wenzake kwamba kwake mwanamke analala mchana kama binti wa sultani, na asiyeamini aende akaone. Wengine walikwenda. Waliona.

Naila alipokuja kumfuatilia mgonjwa, alikipima kivuli kwanza kwa kuwa ndicho kilichokuwa kimetulia. Presha ilikuwa safi kabisa. Akampima Hajra, aliyenyoosha mkono mmoja huku wa pili unageuza maandazi. Yake ilikuwa juu vilevile.

"Alhamdulillahi," Mbaruku akasema. "Mmoja amepona."

"Bado mmoja," Naila akasema.

"Hatua kwa hatua, sista."

Hajra hakukasirika. Ukweli ni kwamba alikuwa anajisikia nafuu kidogo. Kivuli kilipojinyoosha, kiuno chake kililegea popote alipokuwa, hata kisimani. Kilipopiga miayo, naye alipiga. Tangu aolewe hakuwahi kupata hata hicho kidogo, na hakutaka kukipoteza kwa ugomvi.

Ila Ijumaa moja, wanaume wamekwenda msikitini, wali unajikausha wenyewe kwenye makaa, alijikuta hana kazi mkononi. Akanawa miguu, akaingia ukumbini, akajilaza pembeni ya kivuli chake. Mkeka ulikuwa wa baridi. Akafumba macho. Usingizi ulimpanda mara moja, mtamu, mpaka vidole vya miguu vikafa ganzi.

Arafa akatokeza kichwa mlangoni.

"Mama," akanong'ona. "Mama, inuka polepole. Utamwamsha."

Hajra akafumbua macho. Kweli kivuli kilikuwa kimeanza kujigeuzageuza kwa kubanwa. Akainuka kwa mkono mmoja, akakivutia khanga mpaka mabegani, akakipigapiga mgongo kidogo mpaka kikatulia. Kisha akaenda jikoni kupakua wali, akitembea kwa ncha za vidole.