Mnyororo wa Changuu

Mnyororo ulikuwa mpya. Arwa aliuona kabla wageni hawajafika mlangoni pa gereza la kale la kisiwani Changuu, Zanzibar: umetundikwa ukutani, unang'aa, una mafuta ya dukani.

"Nimeununua sokoni Darajani jana," alinong'ona Azzan, mwenye boti aliyemwajiri kutembeza wageni. "Sema watumwa walifungwa kwa huu. Yule mwenye kofia, Hamid, ni wakala wa hoteli ya Paje. Akiridhika, tunaletewa wageni kila Jumanne. Asiporidhika, tafuta kazi nyengine."

"Watumwa walizuiliwa hapa kweli, kaka Azzan. Lakini miaka thelathini hivi kabla ya kuta hizi."

"Mgeni kaja kulia, bibi wee! Mpe cha kulilia."

"Cha kweli kinaliza pia. Anayesema lolote ni papasi, mtembezaji wa vichochoroni asiye na kibali, na mimi nna leseni."

Wageni wakafika. Hamid aliushika mnyororo, akatazama vidole vyake vilivyochafuka.

"Huu wa mwaka gani?"

Azzan alikohoa. Arwa aliijua bei ya jibu lake. Alikwisha kuipima tangu mlangoni.

"Wa jana," akasema. "Gereza lilikamilika mwaka 1894, wala halikufungiwa mhalifu hata mmoja. Likawa karantini: abiria walishushwa hapa wangoje, isije ikaingia mjini homa ya manjano. Watumwa walioletwa kabla yake hawakuachiwa ukuta, wala jina."

Akawafasiria wageni maneno yale yale kwa Kiingereza, bila kupunguza. Hakuna aliyepiga picha. Mama mmoja alivua miwani ya jua akautazama ukuta kwa muda mrefu.

Walipofika kwenye kobe wakubwa wa kisiwani, aliendelea vivyo hivyo. Wa mwanzo waliletwa kutoka Shelisheli. Namba iliyopakwa gambani ni umri, ila rangi ni ya zamani, basi mtu aongeze miaka.

"Kesho usije," Azzan alimwambia wakirudi.

"Boti yako, kaka. Leseni yangu."

Waliposhuka Forodhani, mjini, Hamid alimfuata Arwa, si Azzan. "Jumanne upo?"

"Yupo, yupo!" akadakia Azzan. "Huyu si ndiye mtembezaji wangu!"

Arwa hakumtazama. "Nipo," akasema. "Mnyororo haupo."

Jumanne ilipofika, mnyororo ulikuwa umefungwa kwenye nanga ya boti, nao umeanza kushika kutu.