Pampu ya Baba Waceke

Jumamosi mchana, mwaka wa hamsini na sita, Githinji alilaza kioo cha kujitazama cha mkewe mezani, akatandaza msasa juu yake, akaanza kusugua kifuniko cha pampu ya oili ya lori. Pampu ilikuwa imechoka. Gia zilikuwa zimekichimba kifuniko mitaro ya kunasa ukucha, na oili ilikuwa haipandi tena kwenye injini. Pampu mpya ingetoka Ulaya kwa meli, miezi mitatu. Kahawa ya Bwana Kofia, mzungu mwenye shamba hapo Ruiru, haikuweza kungoja hivyo, na fundi aliyeshindwa na kazi alifukuzwa, na nyumba ya shamba akaiacha.

"Baba Waceke, hiyo kioo ukivunja utanunua ingine," alisema Ngendo, mkewe, akimwita kwa jina la binti yao kama kawaida.

Alisugua kwa mwendo wa namba nane mpaka mitaro ikaisha. "Baba Waceke, chai inapoa." Akapima nafasi ya gia kwa karatasi ya sigara. "Baba Waceke, kwani leo Jumapili huendi kanisa?" Siku mbili nzima pampu haikusikia akiitwa jina lingine. Mwishowe akaijaza mafuta ya kujipaka ya Ngendo, ili ikianza kuzunguka isivute hewa.

Jumatatu asubuhi akaifunga kwenye lori. Magunia ya kwenda Thika yalikuwa yamepakiwa.

"Boi, washa gari!" Bwana Kofia alimwambia Githinji, aliyekaa kwenye usukani.

Injini ikanguruma. Mshale wa oili ukalala kwenye sufuri.

"Baba Waceke, imekataa?" aliuliza Muasya, mpakiaji.

Mshale ukaruka hadi arobaini.

"Boi, upesi!"

Sufuri. Githinji akazima, kwa sababu injini isiyo na oili hujila yenyewe. Wakajaribu mara tatu, na mara zote tatu ikawa vilevile. Wapakiaji wakakaa juu ya magunia wakingoja.

"Hii kitu nafanya nini?" aliuliza Bwana Kofia.

"Bwana, hii pampu nimetengenezea nyumbani kwangu," alisema Githinji. "Na nyumbani kwangu hakuna mtu anaitwa boi."

Bwana Kofia hakubisha, alikuwa mtu wa mashine. Akaitazama kahawa yake. Akafungua mdomo, akasema "Ba," akaufunga. Mzee mzima, shamba ekari mia sita, na neno la mtoto mchanga likamshinda. Akamnyooshea Githinji kidole, kisha akakielekeza kwenye barabara ya Thika.

Tangu siku hiyo hakumwita kitu chochote. Kwenye kipande cha Githinji, kile kitambulisho cha lazima cha serikali, mahali pa kujaza kazi, aliendelea kuandika "boi wa gereji," kwa wino, na wino huo ulimuuma Githinji kila askari alipomdai kipande njiani. Tusidanganyane, ulimuuma sana.

Lakini kila asubuhi kidole kilipoinuka, Githinji alitoa kichwa dirishani, akapaza sauti ikasikika mpaka kwa wachuma kahawa wa mwisho kule bondeni.

"Baba Waceke amesikia!"

Mshale ukapanda arobaini, na lori likaondoka.